Nilikwenda Kulipwa, Nikalipishwa

Bodaboda aliyenitoa Nyamisati hadi Kibiti bado ananidai, na ana haki. Tulikubaliana nitamlipa nikishatoka kwa mhasibu. Akapaki chini ya mwembe, akashusha kofia usoni, akamsubiri mtu mwenye fedha. Mtu wa namna hiyo hakutoka.

"Kaka yangu," alisema binti wa dirishani, kwa sauti iliyowafikia akina mama wote waliokuwa wamekaa barazani, "wewe hulipwi. Wewe unalipa."

Nilikuwa nimechomekea shati. Mkononi nilishika bahasha ya kaki, niliyoinunua mwenyewe ili noti zisikunjike. Mama mmoja akaniuliza kwa upole, "Baba, umeiba?"

Sikuiba, mama. Niliacha kazi kwa saa 24.

Tanzania nzima inazijua hizo saa 24. Ukigombana na bosi, wa kwanza kukushauri ni kinyozi: "Mpe saa 24, mlipe mshahara wa mwezi mmoja, sepa." Anasema kwa uhakika utadhani imo kwenye Katiba. Nimeisoma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 41, na saa hizo sikuzikuta. Zipo siku: 7 kama uko kwenye mwezi wa kwanza wa kazi, baada ya hapo ni 4 kwa anayelipwa kwa siku au kwa wiki, na 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Mkataba ukitaka muda mrefu zaidi, sharti uwe sawa kwa mwajiri na mwajiriwa. Mwajiri akitaka uondoke leo, anakulipa kile ambacho ungepata kwa siku hizo. Wewe ukikataa kuzifanyia kazi, anaruhusiwa kukata kiasi hicho hicho kwenye fedha unazomdai. Ndiko kununua notisi huko: unamlipa mtu mshahara wako mwenyewe ili usifanye kazi ambayo yeye angekulipa.

Sasa angalieni utamu wake (mimi nilikuwa karani wa mizani ya kaa, hesabu ni maradhi yangu). Likizo ya mwaka ni siku 28. Notisi nayo ni siku 28. Nikaona mlango uko wazi, nikaandika kwenye barua kwamba siku zangu za likizo zihesabiwe kuwa notisi. Binti akanifungulia ukurasa: notisi hairuhusiwi kwenda sambamba na likizo. Ni kweli, na maana yake ni kumlinda mfanyakazi asije akaachishwa huku amepumzika kwao. Ulinzi huo ndio ulionikaba koo. Ila siku hizo hizo zikigeuka fedha, ruksa! Unapoondoka, likizo ambayo hukuichukua unalipwa, na ikishakuwa shilingi inakatika. Kwa hiyo aliyeitunza likizo yake yote anatoka sawa bin sawa. Mimi nusu niliimaliza msimu wa korosho, shambani kwa shangazi. Chukua mtu wa mshahara wa laki nne: notisi laki nne, likizo laki mbili, na siku alizofanya kazi mwezi huo, chache, zinamezwa zote. Kilichopungua, mkataba wangu ulisema, kinatoka mfukoni.

Halafu saa 24 zenyewe, ndani ya delta ya Rufiji, ni mambo ya watu wa lami. Huku mwenye saa ni mwezi. Maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili, lakini mzunguko wote unachukua saa 24 na dakika kama 50. Ukipita na boti leo saa 2 asubuhi maji yamejaa, kesho saa 2 hayajafika, keshokutwa yamechelewa zaidi, na ikikaribia wiki, saa 2 ile ile inakukuta umekaa juu ya tope unahesabu mizizi ya mikoko. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yanapanda hadi kwenye majani, na yakishuka yanaondoka na kijito chote. Maji mafu nayo hayapandi sana wala hayashuki sana, unabaki katikati ya mambo. Barua yangu niliiandika alfajiri. Nahodha akasubiri tenga moja la mwisho la kaa, maji hayakumsubiri yeye. Saa zangu 24 nilizitumikia kwenye tope, nikitazamana na kaa waliofungwa kamba. Nilipofika ofisini, karani akagonga muhuri wa siku ya pili yake, hesabu ikaanza upya.

Si mimi wa kwanza kukwama humu. Septemba 1914 manowari ya Wajerumani, Königsberg, ilijificha kwenye delta hii baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza pale Zanzibar. Mitambo yake ilikokotwa nchi kavu hadi Dar es Salaam kutengenezwa, ikarudishwa, na meli haikutoka. Mwisho wake ulikuwa tarehe 11 Julai 1915. Hata hapo mizinga yake iliopolewa, ikapelekwa kuendelea na vita.

Hilo la mizinga nalielewa. Nimeshalipa notisi, stakabadhi ninayo, nikapigiwa simu nirudi kukabidhi mizani. Nilirudi, kwa nauli yangu. Hapa sitanii tena: fedha ile ndiyo bei ya siku zile. Mkishaipokea, waajiri, siku ni zangu.

Boti ya kurudi iliharibika. Cheti cha utumishi kimekosea jina la baba yangu.

Na wale akina mama wa barazani? Walikuwa wafunga kaa, wanalipwa kwa wiki. Waliambiwa jioni kwamba kaa wameadimika, kesho msije. Siku 4 za sheria hawakupewa, wala fedha yake, na siku hiyo hakuna aliyefungua ukurasa wala kikokotoo. Kifungu kile kile kilichosomwa kwangu kwa herufi kilipotea kabisa kilipofika kwao. Madai ya namna hii yanatakiwa kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60. Fomu nitawajazia mimi, bure, na mwezi mmoja kati ya hiyo miwili umeshakwisha.