Gambuti Refu, Mlinzi wa Bata

Gambuti la kuwindia bata ni vazi la mpira, au la kitambaa kisichopitisha maji, linalomwezesha mtu kusimama majini kwa saa nyingi akiwa mkavu. Hayo ni maelezo ya muuzaji. Ukweli wenyewe ni kwamba gambuti ndilo linaloamua mwindaji afike wapi, akae muda gani na arudi na bata wangapi. Na kwa kuwa katika yote matatu hukumu yake humwangukia mwindaji, linastahili sifa ambazo halijawahi kupewa.

Nchini Marekani, ambako bata mwitu huwindwa kila mwaka katika misitu iliyofurika ya Arkansas na vinamasi vya pwani ya Louisiana, ulinzi wa ndege hao husimuliwa kama historia ya sheria: mkataba wa 1916 na Uingereza kwa niaba ya Kanada, sheria ya ndege wahamao ya 1918, stempu ya bata iliyoanza 1934, na marufuku ya marisau ya madini ya risasi iliyoenea nchi nzima mwaka 1991. Gambuti halimo katika orodha hiyo, ingawa lilitangulia kazini. Charles Goodyear alipopata hataza yake mwaka 1844 ya kupika mpira kwa salfa, mpira uliacha kunata wakati wa joto na kupasuka wakati wa baridi. Tangu hapo mwindaji ana vazi la kumpa ujasiri wa kuingia majini, na la kumfanya ajute akishafika katikati.

Aina kuu ni mbili. Gambuti la paja huishia juu ya paja na huning'inizwa kwenye mkanda wa suruali. Gambuti la kifua hupanda hadi karibu na kwapa, likishikiliwa na mikanda ya mabegani. La paja ni jepesi, huvaliwa upesi, halimchemshi mtu anapotembea, na hutosha kabisa kwa maji ya magoti. Tatizo ni kwamba bata aliyepigwa haangukii kwenye maji ya magoti. Huangukia ng'ambo ya mfereji, ambao kina chake hujulikana kwa kuuingia tu. Maji usiyoyafika hujui wingi wake, na gambuti la paja humfikisha mwindaji kwenye maji hayohayo, kisha humjulisha wingi wake kupitia mfuko wa nyuma wa suruali. Likishajaa halikubali kumwagwa mpaka mwenyewe atafute gogo, akae na kuinua miguu juu, huku bunduki ikiwa haina mshikaji. Bata waliobaki hupita juu wakati huo.

Ndiyo maana katika mabonde ya mialoni ya Arkansas, ambako maji huachiliwa kwa makusudi majira ya baridi ili bata wapate mbegu za mialoni, wazoefu huvaa la kifua. Chini ya maji hayo kuna visiki, mizizi na mashimo, na mvaaji huenda kwa kuburuta mguu mmoja baada ya mwingine. Louisiana ni habari nyingine: huko maji ni kidogo na tope halina mwisho. Tope hilo hupenda gambuti kuliko linavyompenda mwenye gambuti. Mguu hutoka, gambuti hubaki. Dawa iliyopo ni kukanyaga mashina ya nyasi na kutosimama mahali pamoja, ushauri mzuri ambao haupatani hata kidogo na kulenga shabaha.

Baada ya urefu huja malighafi. Neoprini, mpira wa kutengenezwa uliobuniwa na kampuni ya DuPont mwanzoni mwa miaka ya 1930, hujazwa viputo vidogo vya gesi vinavyozuia joto la mwili lisitoroke. Unene wa milimita 3 hufaa siku za wastani, milimita 5 siku za barafu. Neoprini haipitishi maji kutoka nje, na kwa uadilifu uleule haiyapitishi kutoka ndani: aliyetembea nusu saa gizani akiwa amebeba mfuko wa bata bandia hufika kituoni ameloa jasho, kisha huganda. Kitambaa kinachopumua hutibu hilo. Ni nailoni iliyobandikwa utando wenye vitundu vinavyoruhusu mvuke kutoka na kukataza matone kuingia, nacho hufaa hasa uwindaji wa Septemba, wakati bata wadogo wanapoanza kuhama na jua bado ni kali. Chenyewe hakina joto lolote, hivyo mwezi Januari lazima kishonewe bitana au kivaliwe juu ya nguo nzito. Mnunuzi makini hugundua kwamba anahitaji vyote viwili, na fedha anazolipia cha pili hazinunui tena marisau.

Kuhusu mguu, lipo gambuti lenye buti lililoungwa moja kwa moja, na lipo lenye soksi ya neoprini inayovaliwa ndani ya buti la kamba. La pili hushika kifundo vizuri na hupendwa na wavuvi wa mito yenye mawe. Mwindaji wa bata huchagua la kwanza, kwa kuwa kamba za buti huganda na tope huzichezea. Kipimo kiwe kikubwa kiasi cha kuingiza soksi nene bila kubana, maana mguu uliobanwa hukosa damu na hupoa zaidi hata ndani ya buti lenye bitana nene. Dukani, mnunuzi ajaribu kuchuchumaa, kisha apande juu ya kiti. Mshono wa msamba ukivutika hapo, ndipo utakapovuja. Ni mandhari ya kuchekesha, lakini afadhali kuchekwa na muuzaji.

Watu wengi huamini kwamba gambuti lililojaa maji humvuta mtu hadi chini. Si kweli: maji yaliyomo ndani hayana uzito wa ziada mtu akiwa bado majini. Uzito huanza pale anapojaribu kupanda ukingoni, na hapo huwa mwingi. Kinachoua ni baridi na mkondo, hivyo mkanda wa kiunoni, unaopunguza maji yanayoingia mtu akianguka, hufungwa kila mara. Hapa sifa za gambuti zisimame kidogo, kwa kuwa jambo hili halina mzaha.

Ziendelee kwenye haja ndogo. Mtu aliyevaa gambuti la kifua, mikanda ya mabegani, mkanda wa kiunoni na koti juu yake huhitaji dakika kadhaa za kufungua. Kahawa ya alfajiri haijali. Wapo watengenezaji walioweka zipu mbele kwa ajili hiyo, na zipu hiyo imeongeza mahali pa kuvuja.

Tundu hutafutwa kwa kuingia chumba chenye giza na kumulika tochi ndani ya gambuti: palipo na nukta ya mwanga, ndipo penye kosa. Tundu hukaushwa, husafishwa kwa spiriti na hupakwa gundi ya mpira, kisha huachwa usiku kucha. Buti lililoungwa hukauka polepole mno, hivyo hujazwa magazeti ndani. Msimu ukiisha, gambuti lining'inizwe miguu juu, mbali na jua na mbali na mota za umeme, kwa kuwa ozoni inayotoka kwenye mota hupasua mpira. Likikunjwa na kusukumwa uvunguni, mikunjo hugeuka nyufa. Likisimamishwa pembeni ya ghala, panya hulikuta. Huingia, hutafuna bitana, huzaa humo na kutoboa njia ya kutokea, na mwenyewe huijua njia hiyo asubuhi ya kwanza ya msimu, maji yakiwa tayari yamefika kiunoni.