Betri Haina Kosa

Gari kuukuu likigoma kuwaka asubuhi, mtuhumiwa wa kwanza ni betri. Iko mbele, inaonekana, na haina wakili. Datsun 120Y ya Baba Mkubwa imeshafukuza betri nyingi kuliko mwenye nyumba anavyofukuza wapangaji. Waya unaoiletea chaji kutoka kwenye alteneta haujawahi kuulizwa hata swali moja.

Baba Mkubwa hataki kusikia neno baya juu ya gari hilo. Kwake Datsun ni Shekhar Mehta, aliyeshinda Safari Rally mwaka 1973 akiendesha 240Z, kisha mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Anavyosimulia, utadhani yeye ndiye aliyekuwa amekaa pembeni akimsomea njia.

Aliyechora nyaya za 120Y miaka ya 1970 alipiga hesabu ya taa, wipa na redio ndogo. Binamu zangu hakuwajua. Wao wameongeza spika za kutikisa madirisha, taa za ukungu (Dar es Salaam, ukungu!), honi ya lori, feni ya umeme na chaji za simu za abiria wote. Mzigo wote huo ulitegemea waya uleule mwembamba ambao gari lilitoka nao kiwandani.

Masika ilipoanza, siri ikafichuka kwenye foleni ya Jangwani. Taa za mbele zikawa rangi ya chai ya maziwa, wipa zikapanda kioo kwa kusitasita, na indiketa ikawaka ikasahau kuzima. Mama Mkubwa, aliyekaa mbele, akashika uongozi: "Zima redio. Washa wipa. Haya, zima wipa tunakata kona." Mgao wa umeme tuliuzoea nyumbani, sasa ulikuwa umepanda gari.

Kwenye gereji bubu, chini ya mwarobaini, fundi wa kwanza aligusa betri kwa kidole akatangaza imekufa. Wa pili alisema alteneta. Baba Mkubwa, asiyependa kubishana na wataalamu, akaenda kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani akarudi na alteneta ya mtumba ya ampea 60, ile yenye rejuleta ndani, akaifunika kwa kanga kama amebeba mtoto.

Wa tatu alikuwa kijana mpole mwenye mita ya umeme. Hakutangaza chochote. Aliomba gari liwashwe, taa na feni pia, akapima kwenye alteneta ya zamani: volti 14.1. Akahamia kwenye betri: 12.9.

"Mzee, volti moja na pointi mbili zinaishia njiani."

"Nani anazichukua?" Baba Mkubwa akauliza, akinitazama mimi.

"Waya, mzee."

Mwalimu mmoja wa Kijerumani, Georg Ohm, alishaliandika jambo hili mwaka 1827, ila habari hazikuwa zimefika kwetu. Waya ukiwa mwembamba na viungo vikiwa na kutu, umeme unapita kwa shida, na sehemu yake inageuka joto. Piga hesabu: ampea 30 mara volti 1.2 ni wati 36. Karibu sawa na taa mbili za breki zinazowaka ndani ya bonneti mchana kutwa, bila kumwonya dereva yeyote.

Kijana akaanza kubandua tepu. Chini ya tepu nyeusi kulikuwa na selotepu ya daftari, chini ya selotepu kipande cha tyubu ya baiskeli, na chini ya tyubu waya wa spika uliofungwa fundo. Kila fundi aliyepita alikuwa ameacha kumbukumbu yake.

Kwa kuwa alteneta ya mtumba ilikuwa imeshanunuliwa, akaifunga, akavuta waya mpya wa milimita za mraba 16 kutoka kwenye alteneta mpya moja kwa moja hadi betri, akaweka fyuzi ya ampea 80 karibu na betri, maana waya mnene usio na fyuzi ukigusa bodi, betri inaweza kuuyeyusha wote. Kisha akataka kukwangua rangi ili afunge waya wa athi kati ya injini na bodi. Baba Mkubwa akaruka.

"Kijana, hiyo ni rangi ya kiwandani!"

"Mzee, hii ni ya nne. Tatu nimeshazipita."

Gari likawashwa. Mita ikasoma 12.4, na haikupanda. Fundi wa kwanza, aliyekuwa akitazama kwa mbali, akasogea kusema tena kuhusu betri.

"Mbona taa ya betri kwenye dashibodi haikuwaka ulipofungua swichi?" kijana akauliza.

Baba Mkubwa akawa na shughuli na kitambaa chake cha mkononi. Mama Mkubwa ndiye aliyejibu: "Balbu aliing'oa mwenyewe, tangu tulipomwoza Zuhura. Alisema inamkodolea macho."

Alteneta ya zamani, yenye katauti (rejuleta) yake pembeni, ilikuwa haijali. Hii mpya huamshwa na umeme kidogo unaopita kwenye balbu hiyo. Bila balbu, inalala. Mtoto akatumwa dukani. Balbu ikachomekwa, ikawaka, injini ikanguruma, balbu ikazimika. Kwenye betri: 14.2.

Sasa taa zinamulika hadi wenzetu wanatuwashia zao kutukemea. Baba Mkubwa ameamua umeme umezidi, na anaulizia friji ya gari, ya kubebea samaki kutoka Feri. Kijana ameuliza friji hiyo inakula ampea ngapi. Mama Mkubwa ameuliza nani atakaa nyuma na samaki.