Muulize Shangazi Bikoni: Nyumba Kuukuu, Mji wa Watu Wengi

Wiki hii barua ni za Kilosa na Mikumi tupu. Tangu treni ya umeme ianze kupeleka abiria Dodoma mwaka 2024 na kusimama Kilosa, watu wa Dar wamegundua kwamba mji huo upo.

*Shangazi, shikamoo. Nimeona nyumba ya zamani Kilosa mjini, chumba cha duka mbele na baraza pana. Dalali anasema aliijenga Mwarabu enzi za Mjerumani. Jirani wa kulia ni Mhindi, wa kushoto Mmanyema, nyuma wako Wakaguru. Mchanganyiko huo ndio niliokuwa nautafuta. Muuzaji ni mjukuu wa mjenzi, kijana mstaarabu. Anataka malipo ya awali kesho kwa sababu kuna Mchina anaivizia. Nifanyeje?* — Mpenda Mji Mkongwe, Tabata

Marahaba, mwanangu. Huyo Mchina namfahamu. Anavizia kila nyumba inayouzwa nchini, toka Tanga hadi Songea, na sijasikia amenunua hata moja. Mwache aendelee kuvizia.

Turudi kwa mjukuu. Babu yake alioa wake wangapi? Uliza kwa adabu, lakini uliza. Nyumba kama hiyo ina wenyewe wengi kuliko vyumba. Yuko shangazi mtu Tabora, yuko baba mdogo Muscat, na yuko mtoto wa nje huko Gairo ambaye ukoo mzima humsahau mpaka siku ya kugawana. Kijana akuonyeshe barua ya usimamizi wa mirathi iliyotoka mahakamani, siyo muhtasari wa kikao cha ukoo wenye alama za dole gumba. Hata msimamizi akishapatikana, warithi wenzake uwasikie wewe mwenyewe, hata kwa simu. Na kama kijana anaishi humo na mkewe, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka mke naye aridhie. Kaa naye umweleze. Asisukumiwe karatasi ya kusaini huku anakaanga dagaa.

Ukimaliza ukoo, njoo kwa Serikali. Aprili mwaka huohuo wa 1971 majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000 yalitaifishwa, yakawa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 yakaingia Shirika la Nyumba la Taifa. Wenye majengo wengi, hasa Wahindi, walihamia Uingereza na Kanada. Wapangaji wakabaki, wakazaa, wakajukuu, na katika miji yetu mingi utamkuta mtu anayesema "nyumba yetu" kwa moyo mweupe kabisa, ilhali alichonacho kabatini ni stakabadhi za kodi. Huyo akikuuzia atakuwa amekuuzia kilemba, nawe utaamka mpangaji. Sisemi yako ndiyo hiyo. Nasema nenda ofisi ya ardhi ukafanye upekuzi wa hati kabla hujaanza kuchagua mapazia.

Halafu ukague kuta. Mwishoni mwa 2009 hadi Januari 2010 Mto Mkondoa ulifurika ukaingia mjini, ukang'oa reli, na maelfu ya watu wakaishi kwenye mahema. Kwa hiyo ukiona nyumba iliyopakwa rangi mpya kuanzia chini hadi usawa wa kiuno, na juu rangi ya zamani imeachwa, usisifie urembo. Pitisha kiganja. Kisha mtafute mama anayeuza vitumbua jirani na hapo, nunua vya kutosha, umuulize maji yalifika wapi. Dalali atakwambia yaliishia ng'ambo. Na kama ua wa nyuma unateremkia mtoni, chukua utepe: Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia kujenga ndani ya mita 60 kutoka ukingoni.

Malipo ya awali ya kesho? Kesho una homa.

*Shangazi, mchumba wangu alisema ana nyumba Ulaya. Nimewatangazia ndugu wote, mama ameshanunua koti la baridi. Jana kanipeleka kuiona. Tumekwenda kwa bodaboda kutoka Kilosa.* — Nimeduwaa, Morogoro

Mpwa wangu, mwanaume hajadanganya. Kata ya Ulaya iko Wilaya ya Kilosa, ukishika njia ya Mikumi. Tena kakuonyesha nyumba yenyewe, na wangapi walioko ile Ulaya nyingine wanaishi kwa kupanga? Wewe mwulize tu kama eneo ni la kijiji, na kama ni la kijiji, halmashauri ya kijiji iliridhia lini na muhtasari uko wapi. Koti usilitupe. Akikupeleka kusalimia wazee kwenye milima ya Ukaguru mwezi wa saba, utamwombea mama yako dua.

*Nimestaafu, nimenunua Kilosa nipate utulivu. Alfajiri adhana, Jumapili kwaya ina spika mbili, Wamaasai wanapitisha ng'ombe dirishani, jirani anapika pombe, usiku treni ya mizigo inapiga honi. Nimshtaki nani?* — Sijalala, Kilosa

Mshtaki aliyejenga reli, ila ni Mjerumani na aliondoka zamani. Mzee wangu, hapo ni kwa Wasagara na Wakaguru. Misafara ya pwani ikapita, Waarabu wakafungua maduka, reli ikaleta Wahindi, na mkonge wa Kimamba na Rudewa ukaleta Wagiriki wenye mashamba na manamba kutoka kusini, magharibi, mpaka Burundi. Kila aliyefika alikuja na sala yake, ngoma yake na pombe yake. Katika barua yako ya kwanza kwangu uliusifia mji huo kuwa "wenye historia hai." Sasa historia inapiga honi, unataka polisi! Pombe peke yake ndiyo nakushauri uizungumze na jirani, mchana, akiwa hajaionja. Ng'ombe mwambie mwenyekiti wa mtaa. Adhana na kwaya ulizikuta na zitakuzika, moja kati ya hizo mbili.

*Nataka kujenga gesti Mikumi. Nimepata kiwanja kinachogusa lami ya barabara kuu, malori ya Zambia yanapita mlangoni, na muuzaji anasema wanyama wa hifadhi wanakuja wenyewe, wageni watawaona bure. Mkataba ni wa Kiingereza, kurasa kumi. Amesema muhimu ni ukurasa wa kusaini.* — Mwekezaji, Iringa

Kinachogusa lami si kiwanja, ni hifadhi ya barabara. Barabara kuu ina mita 30 kila upande kutoka katikati, na utakachojenga humo kitapigwa X nyekundu, ile isiyo na fidia. Tembo ni kweli wanakuja. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1964 na wao walikuwepo kabla yake. Bikoni zako hawazisomi. Wakila migomba Serikali hutoa kifuta jasho, wakiua mtu hutoa kifuta machozi, na jina lenyewe linakueleza kiasi chake. Wageni watalipia chumba, ndiyo, mpaka usiku mmoja tangi la maji litakapogeuzwa kisima cha tembo.

Lakini hilo la mkataba limenikosesha usingizi. Msowero iko Kilosa hiyohiyo. Huko, Novemba 1884, Chifu Mangungo aliwekewa mbele karatasi ya Kijerumani na Karl Peters, akaambiwa ni urafiki, akatia alama, nchi ikaondoka. Watanzania tunamsema mpaka leo kila mkataba mbovu unapotajwa bungeni. Yeye hakuwahi kufundishwa lugha ile. Wewe una cheti cha kidato cha nne na simu yenye wakili ndani yake. Mwambie muuzaji aandike upya kwa Kiswahili, mbele ya wakili uliyemchagua wewe. Akikataa, hapo ndipo utakuwa umeusoma mkataba wote.

*Wewe mama unatuharibia riziki. Wateja wangu watatu wamesoma safu yako wakaomba kuonana na warithi. Nani atafanya biashara namna hiyo?* — Dalali Mwenye Hasira, Mkwatani

Pole, baba. Hasira zikipoa nipigie. Shemeji yangu anauza nyumba yake Mbumi, hati anayo, warithi hana kwa sababu bado yuko hai, na maji ya 2010 hayakufika. Asilimia yako utaipata. Ila vitumbua vya kumuuliza jirani nitanunua mimi.