Mjomba, Huku Klachi Inapimwa kwa Mizani



Mjomba, leo nina habari ya kifundi. Jana usiku jirani yangu hapa kaskazini mwa Minnesota alipiga hodi akiwa amekumbatia mizani ya sonara. Alitaka nimmulikie tochi apime vyuma vya klachi ya pikipiki yake ya theluji. Kimoja kilizidi wenzake kwa nusu gramu. Alikaa kimya mpaka nikampa pole.

Chombo chenyewe hakina gia za kubadilisha. Kina puli mbili na mkanda wa mpira. Puli ya injini ina vyuma vidogo: injini ikichanganya, vinatupwa nje, vinaibana puli, mkanda unapanda. Springi inavizuia visiwe na haraka. Puli ya pili ina springi yake na njia ya mshazari inayosikia mzigo. Theluji ikiwa nzito, puli hiyo inaurudisha mkanda kwenye mwendo wa kuvuta. Shabaha ni moja: ukivuta mafuta mpaka mwisho, injini ikae palepale penye nguvu zake zote, tuseme mizunguko 8,000 kwa dakika, huku kasi ikiongezeka. Yaani chombo kinakimbia na mlio haubadiliki! Wewe fundi ungesikia ungesema klachi inateleza, na sahani mpya ungeshamuuzia.

Vyuma vikiwa vizito, injini inalemewa kabla ya kufika kileleni. Vikiwa vyepesi, inapiga kelele kupita kilele na mwendo hakuna. Ndiyo maana ya mizani. Ila mtu huyo anayekosa usingizi kwa nusu gramu, kitambi changu cha Marekani anakipakia nyuma bila neno.

Waendeshaji wa huku wakienda kwenye milima ya Montana wanapunguza tena uzito wa vyuma, maana hewa ya juu ni haba. Kwenye mita 3,000 injini ya kawaida imeshapoteza zaidi ya robo ya nguvu. Nikamwambia mimi ni mtu wa Moshi, mlima wetu una mita 5,895. Akanitazama kwa heshima ambayo sijaipata tangu nije, akauliza kule juu tunafunga gramu ngapi. Ningemwambiaje kwamba theluji ile tuliitazama tu tukienda shule, mawingu yakiruhusu, na kwamba nimekuja kuigusa huku, kwa koleo, nikifukua gari? Huku Minnesota ni tambarare, Mjomba. Asubuhi nyingine natazama kaskazini kwa mazoea, nakuta Kanada.

Basi nikamsimulia bodaboda zetu: abiria wawili, mkungu wa ndizi, mbuzi mbele, kutoka Marangu hadi mnadani, na hakuna aliyefungua klachi. Hakucheka. Alivuta karatasi akaniuliza mbuzi ana kilo ngapi. Nijibu upesi, ameshawasha kikokotoo.