Shangazi na Treni za Uhispania

Treni ya mwendokasi na shangazi yangu havikuumbwa kukutana. Uhispania, mabegi hupitishwa kwanza kwenye mashine ya ukaguzi, na geti hufungwa dakika kadhaa kabla ya treni kung'oka. Shangazi naye ni mtu wa Tanga, hasafiri bila kilo mbili za mchele na chupa ya achari. Stesheni ya Atocha, Madrid, ina bustani ya miti ya nchi za joto ndani kwa ndani. Akasimama kuikagua, mti baada ya mti. "Mnazi hakuna," akatoa hukumu. Treni ya Córdoba nayo ikatoa yake: ikaondoka. Tiketi za treni iliyofuata zilitufundisha adabu.

Msikiti Mkuu wa Córdoba ulianza kujengwa na Abd al-Rahman wa Kwanza karne ya 8, na katika karne ya 16 Wakristo wakaupachika kanisa kuu katikati. Tuliagana tukutane "kwenye nguzo ile pale." Nguzo mle ndani zinapita 850, na kila moja ni ile pale. Nilizunguka chini ya matao mekundu na meupe hadi miguu ikawaka moto, kumbe mwenzangu yuko kanisani, ametulia. "Mwanangu, huku angalau wameweka viti."

Sevilla tukapanda Giralda, mnara wa msikiti uliogeuzwa kuwa wa kengele. Hauna ngazi mpaka karibu na kilele. Njia yake ni mteremko unaozunguka, inasemekana ili mwadhini apande juu ya farasi. Nilipomweleza hayo, shangazi aliketi papo hapo. "Haya, farasi yuko wapi?"

Njaa ndiyo iliyotutesa zaidi. Yeye hula saa moja jioni, na migahawa mingi ya huko haiwashi jiko la chakula cha usiku kabla ya saa mbili na nusu. Ule mchele aliucheka nani? Si mimi.

Segovia ni karibu nusu saa tu kutoka Madrid kwa treni ya mwendokasi, ila stesheni ya treni hizo iko nje ya mji, uwandani. Tukashuka, basi likatuonyesha mgongo. Mfereji wa Warumi, wa mawe yaliyopangwa bila chokaa, ulitungoja bila kinyongo.

Ukienda Granada, nunua tiketi ya Alhambra mapema, beba pasipoti, na ushike saa ya kuingia Makasri ya Nasrid. Ukiongozana na shangazi, mtajie saa moja kabla ya ile iliyoandikwa.