Derrick Amefika Machakos na Hataki Kusema Kiingereza

Sijui ni nani aliyekaa ofisini huko Asia akaamua kwamba runinga hazihitaji tena yale matundu matatu, jekundu, jeupe na la njano. Mimi sikuulizwa. Runinga niliyouziwa hapa Machakos ina vitufe vya kampuni za filamu nisizozilipa, na ukivibonyeza vibaya inakuuliza kwa sauti ya kike unataka nini. Ninachotaka ni kuchomeka deki. Deki yangu ya DVD ni nzima, imelala kabatini miaka yote hii chini ya kitambaa cha kudariziwa, haijamkosea mtu. Kijana wa dukani akaniangalia kwa huruma. "Mzee, hizo zilishaisha. Weka tu YouTube."

Sitaki YouTube. Kwenye YouTube unaanza na kipindi cha upelelezi, unasinzia kidogo, unaamkia kwa mhubiri anayeuza mafuta ya upako.

Mwenye makosa kwa yote haya ni mpwa wangu, ingawa alikuwa na nia njema. Yuko Ujerumani, alienda kulea watoto wa watu huku akijifunza lugha. Siku moja akapita kwenye soko lao la mitumba (ndiyo, nao wana mitumba, ile wasiyotuletea sisi) akaona sanduku la diski za Derrick. Akakumbuka kwamba mjomba wake hulitaja jina hilo kila taarifa ya habari inapomkera. Akalinunua, akampa mtu aliyekuwa akija nyumbani, na sanduku likanifikia likiwa limefungwa ndani ya sweta.

Kwa nyinyi mliozaliwa na rimoti mkononi, Derrick alikuwa inspekta wa polisi wa mji wa Munich. Jina lake kamili Stephan Derrick, mwigizaji Horst Tappert. Mrefu, koti la mvua, nywele zimelazwa nyuma, na vifuko chini ya macho ambavyo ungedhani ndimo anamohifadhi ushahidi. Msaidizi wake alikuwa Harry Klein, yaani Fritz Wepper, aliyefariki mwaka wa 2024. Kipindi kilianza katika televisheni ya ZDF Oktoba 1974 na kukoma Oktoba 1998, vipindi 281, na vyote viliandikwa na mtu mmoja, Herbert Reinecker. Mtu mmoja, maiti zote hizo! Kiliuzwa katika nchi zaidi ya mia moja, na mojawapo ni hii yetu, enzi za Sauti ya Kenya, ambayo mwaka wa 1989 ikageuka kuwa KBC.

Wakati huo stesheni ilikuwa moja. KTN haikuwa imezaliwa, ilikuja 1990. Kama hukumpenda Derrick, ulikuwa huru kutazama ukuta. Na Wajerumani walikuwa wametushika vizuri: kulikuwa na Telematch, watu wazima waliovaa vichwa vikubwa vya sanamu wakianguka majini, na kulikuwa na soka la Ujerumani likitangazwa na Toby Charles, hata wazee wa kijijini kwetu Mitaboni ambao hawajawahi kuona bahari walikuwa na maoni kuhusu beki wa Hamburg.

Nyumbani kwetu Mitaboni hakukuwa na umeme. Runinga ilikuwa ya nyeusi na nyeupe, ikitumia betri ya gari, na betri ilipelekwa kuchajiwa sokoni kwa baiskeli. Erio ilifungwa kwenye nguzo ya mkaratusi nje, na mzungushaji wa nguzo nilikuwa mimi. Wajerumani wana mzaha wa tangu zamani kwamba Derrick alikuwa akimtuma Harry alete gari, ingawa waliochunguza wanasema maneno yenyewe hayamo katika kipindi hata kimoja. Mimi nilikuwa Harry halisi. Baba alikuwa ndani kwenye kiti chake, sebule imejaa majirani hadi mlangoni, nami nikiwa gizani nimekumbatia mti. "Zungusha! Rudisha! Hapo hapo! Aa, umeipoteza!" Nilizisikia kesi nyingi kupitia dirishani.

Sasa sikiliza kiini cha malalamiko yangu. Betri ikikaribia kuisha, picha haikuzimika mara moja. Ilianza kunywea kutoka kingoni, ukuta wa nyumba ya tajiri ukimezwa, kisha samani, kisha mabega ya Derrick, mpaka kikabaki kijiso kidogo katikati ya kioo, nacho kinasema, "Ninajua ni nani aliyemuua..." Halafu giza. Majirani wanasema asanteni, wanatafuta viatu, wanaondoka. Hapakuwa na marudio wala simu ya kumuuliza mtu mwenye umeme, na kesho yake shuleni watoto wa mjini walikudanganya kwa makusudi.

Kwa hivyo kuna watu Munich waliouawa mimi nikiwa mtoto, na mpaka leo sijui waliuawa na nani. Ipo hasa ile ya mtu aliyepigwa risasi usiku akishuka kwenye gari lake. Sikulipokea sanduku lile kwa ajili ya kujikumbusha ujana, mambo ya kudondokwa machozi nawaachia wengine. Nilitaka kufunga faili.

Nikaenda kwa fundi, nyuma ya steji ya matatu. Akaniuzia adapta ya kuunganisha deki na runinga mpya. Nikarudi nyumbani, nikaweka diski, deki ikakoroma, ikaandika kwamba diski hii si ya eneo letu. Nikarudi kwa fundi. Hapo ndipo nilipofahamishwa kwamba walioanzisha DVD waliigawa dunia kwa namba, ili diski ya huku isichezwe kule. Ulaya ni namba 2. Afrika Kusini wakawekwa na Ulaya, hiyo hiyo namba 2. Sisi wengine tukatupwa namba 5, pamoja na India, Urusi na Korea Kaskazini. Sikushangaa sana. Machakos tumezoea kurukwa. Reli ya Uganda ilipojengwa, mji huu ulikuwa tayari kituo cha utawala, lakini mataruma yakapitishwa kule Athi River, tukaachwa tukisikia honi kwa mbali.

Fundi akabonyeza namba fulani za siri kwenye rimoti, dakika moja, na mpaka uliowekwa na matajiri wa Hollywood ukaanguka palepale mezani katikati ya vumbi la chuma. Akasema anahitaji kubaki na diski moja "ya kujaribu jaribu". Nikamwachia. Kumbuka hilo, tutalihitaji.

Muziki ukaanza. Nywele zikanisimama. Derrick akatokea, kwa rangi! Sikujua koti lile ni la rangi ya chai ya maziwa. Akafungua mdomo, akasema Kijerumani.

Nikatafuta kwenye menyu. Lugha ni moja. Maandishi ya chini ya picha, hakuna. Yule Derrick wa Sauti ya Kenya alikuwa ametiwa sauti ya Kiingereza, nasi tulikua tukiamini kwamba Mjerumani hufunga mdomo kwanza, kisha maneno yanamalizikia nje. Huyu wa sasa midomo na maneno vinaenda sambamba, na nakuapia anaonekana mwongo. Sauti yenyewe si ile. Nimeishi na sauti ya mtu mwingine kichwani tangu utotoni, na huyo mtu hata jina lake silijui.

Mke wangu, Mama Mutheu, alikuwa kando yangu anachagua ndengu. Kijerumani hajui, na Derrick hakuwahi kumpenda; anasema polisi asiyecheka ni polisi anayedai kitu. Nikamwambia hatutaelewa. Akasema, "Nyamaza uangalie." Kwenye kioo, Derrick anaingia katika jumba lenye bustani, ngazi na mwanamke mwenye mkufu. Hasalimii kwa mkono. Anasimama karibu na mlango, mikono mfukoni, anatazama tu. Mwenye nyumba, mwanamume wa sweta, anaenda kwenye kabati la vinywaji, anamimina, chupa inagonga ukingo wa glasi, tik, tik.

"Ni huyo," akasema Mama Mutheu, bila kuinua kichwa kutoka kwenye ungo.

Nikamwambia bado, haiwezekani, dakika kumi tu zimepita. Dakika ya hamsini na kitu, mwanamume wa sweta akaketi, akafunika uso, akaanza kueleza kila kitu kwa Kijerumani kirefu. Tukaweka kipindi kingine. "Ni yule mwenye jumba." Ikawa ni yeye. Kingine: "Mwenye jumba." Ikawa mtoto wa mwenye jumba, Mama Mutheu akadai hiyo ni alama yake pia.

Nikitazama hivi bila kusumbuliwa na maneno, nimeona jambo ambalo utotoni halikunipitia akilini: Derrick hafanyi upelelezi. Hana alama za vidole za maana, hakimbizani na mtu, bastola huitoa kwa nadra. Anapiga kengele, anaingia, anasimama, anamkalia mtu rohoni mpaka mtu akiri mwenyewe. Kisha anahuzunika. Anahuzunika kuliko jamaa wa marehemu. Na watu wote wanaokufa na kuua ni wenye nyumba za kifahari, hivi kwamba sisi wa Mitaboni tulikuwa tukiwahurumia matajiri wa Munich huku tumekalia magunia.

Na kuna gari. BMW, limewaka, lina mafuta. Simu ikipigwa, wanakuja! Hilo ndilo lililonishika, si muuaji. Niliwahi kuibiwa pampu ya maji. Nikaenda kituo cha polisi ambacho sitakitaja, nikapewa namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio. Afisa akaniuliza ninamshuku nani. Nikasema simshuku mtu. Akafunga kitabu taratibu, akasema, "Basi mzee, ukishamjua, njoo utuambie tumkamate." Kila nikiulizia naambiwa uchunguzi unaendelea. Reinecker angelipewa pampu yangu, kipindi kingekuwa na dakika nne.

Ndiyo maana naanza kuwaheshimu upya waandishi wa kipindi chetu cha Vioja Mahakamani. Tulikuwa nacho wakati uleule, stesheni ileile, na tulikiona ni cha kuchekesha tu: Ondiek Nyuka Kwota, Makokha wa Makutsa, Masanduku arap Simiti, Otoyo Obambla, kila mmoja kizimbani akijitetea mpaka anajifunga. Lakini angalia ujanja wao. Upelelezi hawakuonyesha. Mshtakiwa tunamkuta ameshafika mbele ya hakimu, alikamatwaje usiulize. Walijua nchi yao. Derrick alimaliza kazi pale mtu anapokiri. Wetu walianzia pale mtu anapokana. Kama ni lazima niseme kipi kati ya hivyo viwili kilikuwa kipindi cha kweli cha uhalifu, nasema Vioja, na Wajerumani wanisamehe.

Na wana la kusamehewa wao pia. Tappert alifariki Desemba 2008 akiwa na heshima zote. Mwaka wa 2013 ikafichuka kwamba katika vita vya pili alikuwa askari wa Waffen-SS, jeshi la chama cha Hitler, na maisha yake yote alikuwa akilipitia jambo hilo kwa juu juu. ZDF ikatangaza kwamba haitarudia vipindi vyake tena. Mtu aliyesimama milangoni mwa wenzake miaka 24 akingoja wakiri! Nilipomweleza Mama Mutheu, aliacha ndengu kabisa. "Aiya," akasema. "Na yeye alikuwa na jumba?" Alikuwa na nyumba, nikamwambia, na si mbaya. Akarudi kwenye ungo wake kama hakimu aliyemaliza.

Sasa turudi kwenye diski. Katika sanduku pana nafasi wazi. Nimetazama zilizobaki zote, na yule mtu wa kupigwa risasi akishuka garini hayumo. Maana yake yumo kwenye iliyokosekana. Washukiwa ni watatu. Fundi anasema alinirudishia. Mjukuu wangu hutundika diski za zamani kwenye kiunga cha sukuma wiki ili zimeremete zifukuze ndege, na zipo pale kadhaa zinazozunguka, ingawa nilizozifikia ni za injili. Wa tatu ni Mama Mutheu, ambaye amechoshwa na Kijerumani sebuleni kwake.

Nilitumia mbinu ya Derrick. Nikasimama mlangoni pa jikoni, mikono mfukoni, nikamtazama bila kusema neno. Akapakua muthokoi, hakumwaga hata punje.

"Baba Mutheu," akasema, "kama umekosa kazi, kuna mahindi ya kupukuchua."

Kwa hiyo naomba hadharani. Aliye na diski hiyo aipeleke kwa fundi pale nyuma ya steji, sitauliza maswali, na kituoni sijaripoti maana najua nitakachoambiwa. Na kama wewe msomaji ulikuwa na umeme kwenu miaka ile, ukakiona kipindi kile mpaka mwisho, mwandikie mhariri umwambie aliyeua ni nani. Usiniandikie kwamba ni mwenye jumba. Hilo nimeshaambiwa.