Hotuba Juu ya Mla Asali

Mabibi na mabwana, na nyinyi watoto mlioketi dirishani bila ya idhini: mimi, ambaye elimu ya lugha za Kislavi nimejitwalia mwenyewe pasipo kumsumbua mwalimu yeyote, nimesimama mbele yenu na ubao, chaki na kopo la asali, ili nikubainishieni asili ya neno *medvědь, jina la dubu katika lugha iliyozizaa lugha za Warusi, Wapolandi, Wacheki na ndugu zao, lugha ambayo haikuacha hata herufi moja ya maandishi; na hiyo nyota iliyo kichwani mwa neno si pambo, bali ni ikirari ya wataalamu kwamba neno lenyewe hakuna aliyepata kulisikia, ila wamelikisia kwa kuzitazama sura za wajukuu zake.

Jina la asili la dubu, ambalo Wayunani walilihifadhi kwa sura ya *arktos* na Warumi kwa *ursus*, Waslavi walilizika, kwa khofu, wasema wanazuoni, kwamba mnyama akisikia anatajwa atadhani amealikwa. Wakamwita kwa shughuli yake: *medu*, asali, na *ěd*, kula. Nasi tusicheke, maana wapo kwetu wasiomtaja nyoka usiku.

Wako majahili wasemao kwamba maana yake ni “mjua asali”, kwa kuwa *věd* ni kujua. Hasha! Ile *v* ni mali ya asali yenyewe: *medu* ilipokutana na irabu, *u* yake ilikaza mwili ikawa *v*, kama ilivyo *mu-* yetu ya kale inapogeuka *mw-* katika “mwana”. Na kujua si kula: mimi asali naijua tangu utotoni, na kopo langu, kama mnavyoona, lingali limejaa. Wapolandi waliigeuza *m* ikawa *n*, wakasema *niedźwiedź*. Waukraini wakalivaa neno kinyume, kama kanzu ya mtu aliyeamshwa ghafula, wakasema *vedmid*. Hao niwapite.

Sisi neno hulibadilisha kichwa; Waslavi wa kale walilibadilisha mkia kufuata kazi yake katika sentensi, kwa hali saba na idadi tatu, yaani mmoja, wawili na wengi, kwani dubu wawili wana sura yao mahsusi, pengine kwa kuwa mwenye kukutana nao hana wasaa wa kuhesabu zaidi. Lakini katika umoja, milango hiyo saba ina funguo tatu tu: *medvědь* ni dubu aliyekula na pia dubu aliyeliwa, jambo ambalo mwindaji hawezi kulistahimili, *medvědьmь* ni pale uwapo pamoja naye, Mungu apishe mbali, na *medvědi* huzihudumia hali nne zilizosalia, ikiwamo hali ya mwito, ambayo sasa nitakudhihirishieni kwa sauti. *Medvědi!*

Mbona huyu mtoto wa dirishani ameitika? Na kopo langu li wapi?